Mishale myekundu haimsaidii mwanafunzi aliyepata 9.45

Kuna maelekezo ya programu yanayokufundisha kubonyeza tu, na naona kwenye fizikia ndo yamejaa zaidi. Saivi niko na ticha mmoja hapa Arusha, anafundisha fizikia upande wa Sakina, katengeneza kaprogramu ka kuchambua mwendo wa kwenda na kurudi, pendulamu, springi na vitu kama hivo, akaniomba nimsaidie kuandika maelekezo mana yeye anasema kuandika kunamchosha. Kaprogramu kazuri kusema kweli. Unafunga nati ya baiskeli kwenye uzi, unaining'iniza, unairekodi vidio kwa simu, unaipakia kwenye laptopu, kanaifuata ile nati fremu kwa fremu alafu kanakuchorea wimbi, chini ya wimbi kanakuwekea namba zako: amplitudo (nati inafika mbali kiasi gani toka katikati), periodi T (sekunde za kwenda na kurudi mara moja), ω (2π ukigawa kwa T) na g (mwendokasi wa kitu kinachoanguka unavoongezeka kwa mvutano wa dunia, mita kwa sekunde mraba).

Sasa kurasa alizokuwa ameshaandika zilikuwa skrinshoti tupu na mishale myekundu, bonyeza hapa, chagua faili, subiri. Nikamwambia ticha aisee, vitufe dogo wa kidato cha pili anavijua kutuzidi sisi wote wawili, asichokijua ni programu yako imeshaamua nini kabla yeye hajagusa chochote. Hilo ndo la kuandika, na liandikwe ukurasa wa kwanza.

Mfano pembe. Ile fomula ya T = 2π√(l/g), l ikiwa urefu wa uzi, tuliyokaririshwa wote inakubali pale tu nati inapobembea kidogo, nyuzi tano, kumi hivi, hapo makosa hata huyaoni. Ivute mpaka nyuzi 30 uiachie, periodi inaongezeka kama asilimia 1.7, na kwa kuwa kwenye kutafuta g ile T inapigwa mraba basi hasara inakaribia mara mbili, hapa kwetu badala ya kupata kama 9.78 unapata 9.45 hivi. Programu haijakosea hesabu, mwanafunzi hajakosea kupima, uzi uko sawa, ila fomula imetumika mahali ambapo sio pake na hakuna aliyemwambia. Sa unadhani dogo atafanya nini? Mtu yeyote aliyepita maabara ya sekondari nchi hii anajua, anapika data. Anarudi kwenye jedwali anapunguza kidogo kidogo zile sekunde mpaka g ikae vizuri, ticha anaweka vema, maisha yanaendelea. Yani sentensi moja tu, "programu hii inachukulia pembe ni ndogo, ukizidi nyuzi 10 usiiamini g", ingemwokoa, tena angepata kitu cha maana cha kuuliza darasani, kwa nini pembe ikikua periodi nayo inakua. Mimi hapo ndo naona maelekezo yenyewe yanafundisha fizikia, ila wenzangu wengi wanaotengeneza programu wanaona hiyo ni kazi ya kitabu sio yao, na sikubaliani nao kabisa.

Alafu hiyo g yenyewe, pale inapotakiwa ijazwe ili kutafuta kitu kingine kama urefu wa uzi. Programu nyingi zinazotoka nje zinakuja na 9.81 imeshajazwa, ni sawa kwa huko Ulaya. Sisi tuko karibu na ikweta na Arusha iko juu, kama mita 1,400 toka usawa wa bahari, kwa iyo yetu iko kwenye 9.78. Mtu atasema tofauti ndogo hiyo, haya, mwambie programu itafute urefu wa uzi wenye periodi ya sekunde 2, kwa 9.81 utapata sentimita 99.4, kwa 9.78 utapata 99.1, hizo ni milimita tatu na rula ya shilingi mia tano inaziona. Na wala sio jambo jipya, mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alienda na saa ya pendulamu Cayenne, Amerika Kusini karibu na ikweta, saa iliyokuwa inakwenda vizuri Paris ikawa inachelewa kama dakika mbili na nusu kila siku, ikabidi pendulamu ifupishwe. Zaidi ya miaka 350 imepita na bado tunajaziwa g ya watu kimyakimya.

Fremu nazo. Simu inasema fremu 30 kwa sekunde lakini nyingi mwanga ukipungua zinashusha bila kukuaga, sasa umeme ukatike darasani saa kumi na mvua inanyesha, ukirekodi hapo na programu inagawanya kwa 30 tu bila kusoma muda halisi wa kila fremu, periodi yako imeshaharibika. Iandikwe. Na ω iwe na kipimo chake pembeni, radiani kwa sekunde, mana dogo akiona 3.14 imekaa peke yake ataijaza kwenye masafa (mizunguko kwa sekunde) wakati masafa yake ni hezi 0.5.

Mengine madogo: Kiswahili cha kawaida, alama ziachwe kama zilivo kwa kuwa ndo zitakuja kwenye mtihani, faili la maelekezo likae humohumo kwenye folda ya programu sio kumtuma mtu akachome bando, na iwekwe vidio moja ya mfano pamoja na majibu yake ili mtu ajue kama laptopu yake inatoa namba zilezile.

Ticha kakubali karibu yote, mishale myekundu imehamia ukurasa wa tatu. Tunapovutana ni kwenye kisanduku cha g, yeye anataka kiwe na 9.78 tayari mana anasema wanafunzi wakikuta pako wazi watapiga simu usiku, mimi nataka kikae kitupu na programu igome kuendelea mpaka mtu ajaze mwenyewe, na akipiga simu apige.