Kikombe cha Arita si cha kufungiwa kabatini

Kila asubuhi nanywa chai ya kijani kwenye yunomi, kikombe kirefu kisicho na mkono kutoka Arita, mji wa wafinyanzi katika mkoa wa Saga, kisiwani Kyushu, Japani. Wageni wakikiona huniuliza kwa nini nisikihifadhi. Nakataa, tena kwa moyo wote.

Nikikigeuzia dirishani naona pale mchoraji alipokandamiza brashi: bluu imekolea kwenye kifundo cha mwanzi, kisha inafifia kuelekea ncha ya jani. Jani moja limevuka mstari wake kidogo. Nimelipenda hilo kuliko yote.

Bluu hiyo haibanduki. Kikombe huchomwa kwanza kwa nyuzi 900 hivi, ndipo huchorwa kwa rangi ya kobalti, ambayo wakati huo ni ya kijivu tu. Kisha hutiwa glezi na kurudi tanurini, kwenye nyuzi 1300 hivi, na mchoro unabaki chini ya glezi hiyo iliyogeuka kitu kama kioo. Sabuni itaufikiaje? Nyekundu na dhahabu ndizo za kuonea huruma, maana hukaa juu ya glezi. Hizo usizisugue kwa waya wa sufuria, na chenye dhahabu usikitie kwenye maikrowevu.

Na vyombo hivi havikuwa vya wakubwa peke yao. Hasami, jirani ya Arita, ilifyatua bakuli za kurawanka, nene na nzito chini, zilizochorwa haraka haraka kwa bluu. Wachuuzi wa mto Yodo waliwauzia abiria wa mashua chakula ndani yake. Kauri ya kuchorwa kwa mkono, mikononi mwa msafiri mwenye njaa!

Kuna wanaolalamikia kukosa mkono. Sencha, chai ya kijani ya Kijapani, hutengenezwa kwa maji ya nyuzi 70 hadi 80, yaliyokwisha kupoa kidogo. Kikombe kikiunguza vidole, chai nayo haijawa ya kunywa.

Mama yangu ana seti ya kauri inayotoka kabatini siku ya Idi tu. Nilimpelekea yunomi moja. Akaitia chai ya maziwa na tangawizi, akaishika ukingoni kwa vidole viwili kama kikombe cha kahawa ya barazani, akanywa hadi tone la mwisho. Alipoiosha hakuipeleka kabatini. Aliifudikiza jikoni, kati ya vikombe vya plastiki.