Hodi Hodi Chooni

Baba mkwe alipiga simu kutoka Mumias: Jumatatu anakuja Nakuru, goti limemkataa, ana miadi na daktari. Mke wangu akanitazama. Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Mzee wa goti bovu, tena mkwe, utamchuchumaza vipi?

Nikanunua cha kukaa. Fundi jirani akataka elfu nne za kukifunga. Elfu nne za kuweka kitu chini! Nikamwambia asante, nitajifungia mwenyewe.

Kubomoa cha zamani hakukunishinda. Nyundo na uchungu wa elfu nne vinatosha. Nikasawazisha sakafu kwa saruji, nikaacha mdomo wa bomba la inchi nne umechungulia, kesho yake nikateremsha choo juu yake. Nikakaa. Ko. Nikaegemea kulia. Ko. Kilikuwa kinacheza kama mtumbwi.

Nikailaumu Menengai. Ukiishi ubavuni mwa volkeno, ndani ya Bonde la Ufa, sakafu itanyookea wapi? Nikakaza skrubu, choo kikalia kama kikombe kinachotaka kupasuka, nikazilegeza mbio. Nikachomeka kipande cha boksi. Maji ya kwanza yalipomwagika kikawa uji. Vizibo vya soda: kimoja hakitoshi, viwili vinazidi. Mwishowe nikaingia kwenye kibubu cha mtoto. Sarafu mbili za ishirini upande wa kushoto, tatu za kumi nyuma, moja ya tano mbele. Kikatulia tuli! Nikazungushia saruji nyeupe kuficha aibu, nikamwita mke wangu aje aone mume aliyeolewa naye.

Nilichosahau ni kwamba mimi nina kilo 58. Baba mkwe ni wa tisini na ushee.

Jumatatu mzee akafika, akanywa chai, akaulizia msalani. Nikaongeza sauti ya televisheni. Haikusaidia.

Ko.

Kimya.

Ko, ko, ko.

Mwanangu wa miaka minne akaruka kutoka kwenye kochi. "Mama, kuna mtu anapiga hodi!" Akakimbilia mlango wa mbele, akauliza kwa sauti kubwa, "Nani?"

Kutoka chooni mzee akajibu, "Ni mimi!"

Mke wangu akakimbilia jikoni. Akacheka huko hadi nikasikia sufuria zikianguka.

Mzee akatoka taratibu, ameshika fimbo kwa mikono miwili. "Mkwe wangu," akasema, "kile choo umekifunga au umekiegesha?"

Jioni nikamwita fundi. Akalaza pimamaji sakafuni: kipovu katikati kabisa. Menengai haina hatia. Akang'oa choo, akanionyesha mdomo wa bomba, umepanda juu ya sakafu upana wa kidole. Choo changu hakikuwa kimekaa sakafuni hata siku moja. Kilikuwa kimekalia bomba. Akalikata kwa msumeno, dakika tano, akakirudisha. Nikakaa. Nikaegemea kulia, nikaegemea kushoto. Kimya.

"Elfu sita, bosi."

"Si ulisema nne?"

"Nne za kufunga. Mbili za kufukua saruji yako."

Akainama, akaokota sarafu moja moja, akazifuta kwenye suruali, akazihesabu. "Sabini na tano," akasema, akizitia mfukoni. "Hizi ni za boda."