Mkanda Kwenye Pipa la Taka

Desemba 1992, London. Riddick Bowe, bingwa wa dunia wa uzito wa juu, anasimama mbele ya waandishi wa habari akiwa na mkanda wa WBC, moja ya mashirika yanayotoa ubingwa wa dunia, mkononi. Ni mwezi mmoja tu tangu ampige Evander Holyfield na kumpokonya mikanda yote. WBC wanataka apigane na Lennox Lewis. Bowe anautumbukiza mkanda kwenye pipa la taka huku kamera zikimulika, na habari ya Lewis inaishia hapo.

Kambi yake ilikuwa na maelezo marefu kuhusu mgawanyo wa fedha na siasa za WBC, na huenda mengine yalikuwa ya kweli. Ila kila aliyeifuatilia Olimpiki ya Seoul ya 1988 alikuwa na kumbukumbu moja isiyofutika: kwenye fainali, Lewis alimsimamisha huyu huyu Bowe raundi ya pili. Baada ya tukio la pipa, Bowe alitetea mikanda iliyobaki dhidi ya Michael Dokes, akammaliza raundi ya kwanza, kisha Jesse Ferguson, akammaliza raundi ya pili. Novemba 1993 Holyfield akaja kuchukua vyake. Bowe na Lewis hawakukutana tena ulingoni mpaka wote wawili walipotundika glovu.

Sasa tazama rekodi. Bowe alishinda 43 na kupigwa mara 1. Holyfield alishinda 44, akapigwa mara 10 na kutoka sare mara 2. Mtu asiyejua ngumi atasema Bowe ndiye aliyekuwa mkali zaidi. Mwenye kujua ngumi ataanza kutaja majina ya Holyfield: Qawi, Douglas, Foreman, Holmes, Bowe mara tatu, Tyson mara mbili, Lewis mara mbili. Orodha ya namna hiyo haipatikani bila kupigwa.

Ubishi wa mashabiki kwa kawaida huishia hapo: aliyepigana na wababe ni jasiri, aliyetafuta vibonde ni mwoga. Mimi naona mambo hayako mepesi kiasi hicho, na kwa haki ni lazima tuanze na utetezi wa hao wanaoitwa waoga.

Floyd Mayweather alistaafu na ushindi 50 bila kupigwa hata mara moja. Lawama kubwa juu yake ni muda. Pambano lake na Manny Pacquiao lilianza kuzungumzwa mwaka 2009, likakwama kwenye mvutano wa vipimo vya damu, na likafanyika Mei 2015, Mayweather akiwa na miaka 38 na Pacquiao 36. Kati ya hapo Pacquiao alikuwa amelazwa chini na Juan Manuel Márquez, kifudifudi, Desemba 2012. Mayweather alishinda kwa pointi, na wengi wakasema alimsubiri mtu achakae ndipo amguse.

Lakini swali la kumuuliza shabiki ni hili: wewe ungelipa nini kama angepigana mapema? Tiketi. Yeye angelipa kwa kichwa chake. Muhammad Ali hakukwepa mtu. Septemba 1977, akiwa na miaka 35, alikubali kupigana raundi 15 na Earnie Shavers, mmoja wa watu wenye ngumi nzito kuliko wote waliowahi kupanda ulingoni. Alishinda. Baada ya pambano hilo daktari wake, Ferdie Pacheco, aliondoka kambini kwa sababu aliona mwili unaharibika na hakuna anayesikiliza. Ali akaendelea. Oktoba 1980 Larry Holmes alimpiga raundi 10 mfululizo mpaka kocha wake, Angelo Dundee, akasimamisha, na mwaka 1984 madaktari wakatangaza ugonjwa wa Parkinson. Hakuna anayeweza kuonyesha ngumi ipi ilileta nini. Hata hivyo ni vigumu kuitazama miaka yake ya mwisho ulingoni na kuiita ushujaa bila kumeza mate kwanza. Mayweather aliisoma hesabu hiyo na akakataa kuilipa. Kwangu mimi hilo halimfanyi mwoga.

Tatizo la utetezi huu ni kwamba kukwepa hakulindi mwili kama tunavyodhani. Rudi kwa Bowe. Julai 1996 alipangiwa Andrew Golota, mtu ambaye kambi ya Bowe haikumhesabu kuwa tishio. Golota alimdunda vibaya, ila alikuwa na maradhi ya kupiga chini ya mkanda, akaondolewa mchezoni raundi ya 7 na Madison Square Garden ikageuka uwanja wa vurugu. Desemba mwaka huo wakarudiana. Golota akampiga tena, akaondolewa tena, safari hii raundi ya 9. Kwenye karatasi Bowe ana ushindi mara mbili. Ukizitazama picha za uso wake unajua huo haukuwa ushindi. Alimkwepa Lewis, kisha akapokea kipigo cha maisha kutoka kwa mtu wa kuazima.

Halafu kuna jambo ambalo mijadala mingi inalipita: kuchagua ni anasa. Sam Langford, aliyekuwa na urefu wa futi tano na inchi saba hivi, alipigana na Harry Wills zaidi ya mara 15. Tunaweza kuliita hilo ujasiri, na kweli lilikuwa hivyo, ila Langford hakuwa na pa kwenda. Alikuwa mweusi katika zama ambazo mabondia weusi walifungiwa mlango wa ubingwa, kwa hiyo walipigana wenyewe kwa wenyewe, tena na tena. Hata Jack Johnson, mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa uzito wa juu, aliyempiga Langford mwaka 1906, hakumpa nafasi alipokuwa na mkanda. Charley Burley naye alimpiga Archie Moore mwaka 1944 na bado hakuwahi kugombea ubingwa wa dunia hata mara moja. Sugar Ray Robinson, ambaye wengi tunamweka namba moja wa nyakati zote, hakuwahi kupanda naye ulingoni.

Na bondia wa kuitwa je? Yule anayepigiwa simu ili aje ajaze kadi na apigwe mbele ya mashabiki wa mwenzake? Hassan Mwakinyo alipoingia ulingoni Birmingham Septemba 2018, Sam Eggington ndiye aliyepangwa kushinda. Mwakinyo alimmaliza raundi ya pili. Watu kama hao hupigana na mtu mgumu kwa sababu ndiye aliyepatikana. Ujasiri wao haupungui, ila si ujasiri wa kuchagua. Wa kuchagua tunaweza kumdai bingwa peke yake, mwenye njia rahisi mezani na hela zake.

Hapo ndipo napofika kwenye ninachoamini, na naomba nianze na Waingereza wawili.

Mei 2016 Amir Khan, bondia mwenye mikono myepesi na kidevu kisichostahimili ngumi, alipanda uzani akapigane na Canelo Álvarez. Akalala raundi ya 6, kwa mkono mmoja wa kulia uliomlaza chali kabla hajajua umetokea wapi. Septemba mwaka huo Kell Brook, bingwa wa IBF, shirika jingine la ubingwa, wa kilo 66 na ushei, asiyepigwa katika mapambano 36, akaruka mpaka kilo 72 na nusu akamfuate Gennady Golovkin, aliyekuwa amewamaliza wapinzani 22 mfululizo kabla ya kengele ya mwisho. Raundi ya pili Brook alimtikisa kweli, uwanja wa O2 ukasimama. Raundi ya tano kona yake ikarusha taulo: mfupa wa tundu la jicho la kulia ulikuwa umevunjika. Wahenga walisema mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Brook aliumiza jicho. Mei 2017 Errol Spence alimvunja upande wa pili.

Wote wawili walisifiwa sana kwa moyo wao. Mimi pia nilisifu. Lakini miaka yote hiyo kulikuwa na mtu mmoja ambaye kila mmoja wao alitakiwa kupigana naye, wa nchi moja, rika moja, uzani ule ule wa karibu: Khan kwa Brook, Brook kwa Khan. Mazungumzo yalikuwa hayaishi. Walipanda ulingoni pamoja Februari 2022, Manchester, wote wakiwa na miaka 35 na wote wamekwisha chakaa. Brook alishinda raundi ya 6.

Kwa nini ilikuwa rahisi kumfuata Golovkin kuliko jirani? Kwa sababu ukipigwa na Golovkin huna cha kuona haya. Alikuwa mkubwa kwako, kila mtu alijua, hela umepata, na sifa ya moyo umeondoka nayo. Ukipigwa na mwenzako wa kilo zako, kisingizio kimekwisha. Pambano gumu kuliko yote si lile la mpinzani mwenye nguvu kuliko wote, ni lile ambalo ukishindwa huna la kusema. Lewis alikuwa pambano la namna hiyo kwa Bowe.

Kipimo hiki nacho kina mipasuko yake. Robinson alipanda uzani mwaka 1952 akapigane na Joey Maxim, mzito kwake kwa kilo kama 7, Juni, Yankee Stadium, chini ya taa zilizofanya joto la ulingoni lipite nyuzi 38. Refa Ruby Goldstein alilemewa, akabadilishwa baada ya raundi ya 10. Robinson aliongoza kwenye karatasi zote mpaka raundi ya 13, kisha miguu ikakataa, na kengele ya raundi ya 14 ikalia akiwa amekaa kwenye kigoda. Huwezi kuniambia mtu huyo alikuwa anatafuta kisingizio. Alikuwa amebakiza dakika sita.

Sugar Ray Leonard anakipasua zaidi. Alipomfuata bingwa Marvin Hagler Aprili 1987 alikuwa na jicho lililofanyiwa upasuaji na pambano moja tu katika miaka mitano. Ni ujasiri wa kutisha. Lakini alisubiri mpaka alipomwona Hagler akihangaika na Mganda John Mugabi Machi 1986 na kummaliza raundi ya 11, ndipo akajitokeza. Akadai raundi 12 badala ya 15, na ulingo mpana wa kukimbilia. Alishinda kwa majaji wawili kwa mmoja, na mpaka leo kuna watu hawasalimiani kwa sababu ya matokeo yale. Jasiri au mjanja? Nadhani alikuwa vyote viwili usiku uleule, na Mayweather alijifunza somo kutoka hapo.

Kuna pia suala la matokeo kutuhadaa. Oleksandr Usyk alikusanya mikanda ya uzani wa kruza, ulio chini ya uzito wa juu, kwa kuwafuata wenyewe nyumbani kwao: Głowacki Poland, Huck Berlin, Briedis Riga, na Julai 2018 Gassiev mjini Moscow, Mukreni mbele ya Warusi, wakati nchi zao tayari ziko kwenye uhasama. Akashinda zote. Tunamwita shujaa, na ni sahihi, lakini angepoteza kwa pointi Riga, pambano lililokuwa la karibu mno, wangapi wangemkumbuka? Tungesema alijipeleka bila akili.

Ndiyo maana napenda kumtaja Katie Taylor kuliko Usyk hapa. Mei 2023 alikuwa anarudi kupigana Dublin kwa mara ya kwanza akiwa bondia wa kulipwa, baada ya mpinzani aliyepangwa kujitoa. Angeleta yeyote, mji ungeimba usiku kucha. Badala yake alimtaja mwenyewe Chantelle Cameron, bingwa asiyepigwa wa uzani ulio juu ya wake. Akapigwa, nyumbani kwake, kwenye sherehe yake. Novemba mwaka ule ule akarudi ukumbi ule ule na mtu yule yule, akashinda.

Lakini nikilazimishwa kuchagua mmoja namchukua Azumah Nelson wa Ghana. Julai 1982, akiwa na mapambano 13 tu, aliitwa dakika za mwisho kuziba pengo dhidi ya Salvador Sánchez, akamsumbua bingwa huyo mpaka raundi ya 15. Hilo linasimuliwa sana. Linalosimuliwa kidogo ni la Mwaustralia Jeff Fenech. Juni 1991, Las Vegas, Nelson alitoka naye sare, na karibu kila aliyetazama aliona Fenech kashinda. WBC wenyewe walikuja kuyabadili matokeo hayo mwaka 2022, miaka 31 baadaye. Nelson alisema alipanda ulingoni akiwa na malaria. Alikuwa na mkanda, alikuwa na kisingizio, alikuwa na miaka 33 na njia ya kuendelea kutetea kwingine.

Machi 1992 alikwenda Melbourne, kwa Fenech, kwenye uwanja wa wazi uliojaa watu waliokuja kuona haki ikitendeka. Alimwangusha raundi ya kwanza. Akamwangusha ya pili. Raundi ya 8 akamwangusha tena, na refa akamaliza.