Naamani na pakiti ya ORS

Kuna sauti inazunguka kwenye magrupu ya akina mama tangu mvua hizi zianze. Umeshaipata, maana sidhani kama kuna grupu la jumuiya, la kwaya au la wazazi wa chekechea lililosalimika. Mama mwenye sauti tamu ya kuongoza maombi anatuelekeza cha kufanya mtoto akiharisha: soda nyeusi iliyotolewa gesi, chumvi ya kuokota na vidole viwili, Flagyl ya maji kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni, halafu tukemee. Mwishoni anatuomba tumtumie kila mama anayempenda Yesu. Chini yake Amina zimemwagika kama mvua yenyewe.

Kukemea sina ugomvi nako. Kemea. Ugomvi wangu ni na vile vitu vitatu vilivyotangulia, na hasa na kitu ambacho hakikutajwa hata mara moja: ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji.

Mnamkumbuka Naamani, yule jemadari wa Shamu mwenye ukoma. Alifika kwa Elisha na farasi, magari na zawadi, akitegemea nabii atoke, asimame mbele yake, apunge mkono. Nabii hakutoka hata mlangoni. Alimtuma mtu amwambie akaoge Yordani mara saba. Jemadari akawaka, na angerudi kwao na ukoma wake kama si watumishi wake kumwuliza swali moja tu: ungeambiwa jambo kubwa, usingelifanya?

Akina mama wa Dar ni Naamani watupu. Tukiambiwa dripu, hela ya bajaji inapatikana saa nane za usiku. Tukiambiwa sindano, tunamshikilia mtoto kwa mikono miwili. Lakini nesi akitupa pakiti mbili za unga na vidonge kumi, tunatoka pale tumenuna: "Hawajatupa dawa, wametupa maji." Na tukipita duka la dawa pale kona tunanunua "dawa yenyewe".

Sasa nikubali kitu kimoja, shingo upande. Kinyongo hicho kina sababu, na wahudumu wengi hawaisemi: ORS haizuii kuharisha. Mtoto atakunywa lita nzima na bado atachafua nepi ya saba. Mama aliyetegemea choo kikatike anaona imeshindwa. Haijashindwa. Kinachoua mtoto anayeharisha ni maji na chumvi vinavyotoka mwilini, na kazi ya ORS ni kurudisha vile vilivyotoka. Kuhara kwenyewe mara nyingi kutaisha kwa siku zake, tatu, tano, hata saba. Swali ni kama kutamkuta mtoto bado ana maji mwilini.

Inavyofanya kazi ni jambo la kumshukuru Mungu. Ukuta wa utumbo una vijilango ambavyo chumvi inapitia ikiwa imeshikana mkono na sukari ya glukosi. Chumvi ikiingia, maji yanaifuata. Virusi vikivuruga utumbo, njia nyingine zinaharibika, ila vijilango hivi vinaendelea kufanya kazi. Ndiyo maana maji matupu hayatoshi, chumvi peke yake haitoshi, na sukari peke yake inaharibu zaidi. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu kwenye kambi ya wakimbizi iliyojaa kipindupindu, mpakani mwa India. Akachanganya chumvi na glukosi kwenye maji, na ndugu za wagonjwa wenyewe wakawa wananywesha kwa vikombe. Vifo vikashuka sana. Waliookoa watu kambini pale walikuwa mama, shangazi na kaka wenye kikombe mkononi.

Haya, twende kwenye pakiti yenyewe, kwa sababu hapa ndipo tunapoharibu.

Pakiti ya kawaida ina gramu 20.5: glukosi 13.5, chumvi ya kawaida 2.6, sitreti 2.9 na chumvi ya potasiamu 1.5. Hesabu hiyo imepigwa kwa lita moja ya maji. Si kikombe, si "chupa ya maji". Zipo pakiti ndogo za nusu lita na za mililita 200, kwa hiyo soma maandishi kabla ya kuchana. Kosa linaloongoza mjini hapa ni kumwaga pakiti nzima ya lita kwenye chupa ya nusu lita, kwa kuwa ndiyo chupa iliyopo na ndiyo inayoingia kwenye mkoba. Hapo umetengeneza maji makali mara mbili. Badala ya kuingia mwilini, maji yanavutwa kutoka mwilini kwenda kwenye utumbo, mtoto anazidi kuharisha na kiu inapanda. Chumvi ikizidi sana kwenye damu, anaweza kupata degedege. Halafu tunasema ORS imemkataa.

Kosa la pili ni la wabana matumizi: kugawa pakiti nusu kwa macho. Unga ule haujachanganyika sawasawa ndani ya pakiti. Nusu moja inaweza kubeba chumvi nyingi na nyingine sukari nyingi. Pakiti ikichanwa, inaishia yote kwenye lita moja, hata kama mtoto atakunywa robo tu na mengine yamwagwe.

Kipimo cha lita usikisumbukie. Chupa mbili za nusu lita. Au chupa mbili za bia zilizoandikwa mililita 500 kila moja. Mchungaji akikukuta nazo mwambie ni za kupimia. Chupa kubwa ya lita moja na nusu ndiyo mtego, maana inaonekana kama "lita" na inaachia maji mengi kuliko unga. Pima, mimina kwenye jagi safi lenye mfuniko, weka alama ya wino pale maji yalipofika, na jagi hilo libaki la kazi hiyo.

Maji yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo unga uingie. Usichemshe tena baada ya kuchanganya. Usiongeze sukari ili anywe vizuri, wala juisi, wala maziwa. Onja mwenyewe: ladha isizidi chumvi ya machozi. Andika saa uliyochanganya kwenye kipande cha plasta, ubandike kwenye jagi. Yakifikisha saa 24, mwaga, hata kama yamebaki mengi na roho inauma.

Kunywesha nako kuna namna yake. Chini ya miaka miwili, mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha majimaji, yaani kama robo mpaka nusu ya kikombe cha mililita 200. Miaka miwili na kuendelea, 100 hadi 200. Tumia kikombe na kijiko, siyo chupa ya chuchu, kwa sababu ile chuchu ndiyo nyumba ya vijidudu vilivyoleta balaa. Bomba la sindano la mililita 5 lisilo na sindano nalo linasaidia sana kwa mtoto mbishi: elekeza ndani ya shavu, si kooni.

Na akitapika? Hapo ndipo wengi wanaweka jagi chini na kusema "haikai tumboni". Subiri dakika 10. Anza tena, kijiko kimoja cha chai kila dakika moja au mbili. Inachosha, ndiyo. Lakini piga hesabu: kijiko ni mililita 5, kwa hiyo kwa saa moja unaingiza kati ya mililita 150 na 300. Kinachomtapisha mara nyingi si ORS, ni kikombe kizima alichogugumia kwa kiu.

Pakiti ikikosekana usiku wa manane na maduka yamefungwa: lita moja ya maji, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kijiko kisawazishwe kwa kisu, kisijae mlima. Ukichanganyikiwa ukabadilisha vijiko vya sukari na vya chumvi umetengeneza sumu, kwa hiyo asiandae mtu mwenye usingizi peke yake. Hayo ni ya kuvushia mpaka asubuhi tu, hayana potasiamu.

Zinki, vile vidonge kumi vya nesi, ndiyo mtoto wa kambo. Mtoto wa miezi sita na kuendelea, kidonge kimoja cha miligramu 20 kila siku. Chini ya hapo, nusu kidonge. Kiweke kwenye kijiko, tia maziwa ya mama au ORS kidogo, kitayeyuka chenyewe. Akikitapika ndani ya nusu saa, rudia. Na ni siku 10 hadi 14, mama, siyo mpaka choo kikae sawa. Siku ya tatu choo kinakaza, vidonge saba vinahamia kwenye droo pamoja na chaji mbovu za simu. Hivyo saba ndivyo vinavyomkinga asirudie kuharisha miezi miwili mitatu inayofuata.

Kuhusu Flagyl nitakuwa mfupi. Kuhara kwingi kwa majimaji kwa watoto wadogo kunaletwa na virusi, na Flagyl haigusi virusi. Inaleta kichefuchefu na ladha ya chuma mdomoni kwa mtoto ambaye tayari hataki kunywa. Dawa ya kuua bakteria ina nafasi yake, kwenye choo chenye damu na kwenye kipindupindu, na aliyempima mtoto ndiye achague ipi. Dawa za kufunga choo za watu wazima zisimkaribie kabisa. Soda ni sukari tele bila chumvi ya maana, na sukari ile inavuta maji kwenda utumboni. Dafu, sawa, dafu nalipa heshima yake, ni bora mara kumi kuliko soda. Ila lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, kwa hiyo liwe nyongeza.

Anyonye kama kawaida, tena zaidi. Anayekula ale: mtori, ndizi, uji, viazi, kidogo kidogo mara nyingi, na akipona mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili. Kumnyima chakula ili "tumbo lipumzike" ni kumpumzisha mtoto uzito.

Wanaopenda dripu nao wasikie: dripu inaokoa, pale mtoto asipoweza tena kunywa. Ondoka nyumbani bila kusubiri ibada iishe ukiona hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea na kuamka ni shida, degedege, damu kwenye choo, macho yamezama, utosi umebonyea, au nepi kavu kwa saa sita. Finya ngozi ya tumbo katikati ya kitovu na ubavu, uachie. Ikisimama kama kitambaa kilichofinywa kwa zaidi ya sekunde mbili, hiyo ni dharura. Njiani endelea na kijiko, hata ndani ya bajaji, ilimradi anaweza kumeza.

Kuna bibi ataangalia fizi na kusema ni meno ya plastiki. Kile cheupe anachokiona ni chanzo cha jino la chonge la mtoto wako. Wakikichokonoa, unaongeza damu kumwagika na vidonda kwa mtoto aliyeishiwa maji, na kuhara kuko palepale. Hapa sina utani wala "tuheshimu mila".

Na lile la kumnywesha mtoto mchanga maji ya upako. Naandika taratibu, maana najua linapouma. Mtoto chini ya miezi sita hanywi maji, hata yawe yameombewa na nani. Maziwa ya mama tu, na ORS na zinki akiharisha. Ukitaka baraka, mpake kidole kwenye paji la uso; Mungu hasomi mililita. Maji yale yametoka kwenye simtanki kama maji mengine yote ya jiji hili, na utumbo wa mtoto wa wiki tisa haujui nani aliyaombea. Paulo alipoandika kuhusu tumbo la Timotheo alimpa ushauri wa kitu cha kunywa, tena akamwambia asinywe maji tu. Kama mtume aliona tumbo la mchungaji kijana linahitaji zaidi ya maombi, la mtoto wa Mbagala je?

Mengine kwa haraka. Matone ya rota ni wiki ya 6 na ya 10. Angalia kadi ya kliniki leo. Mavi ya mtoto ni mavi, yaende chooni, na nepi isirushwe mtaroni. Maji ya kunywa ukishindwa kuchemsha, tia dawa ya klorini kama pakiti inavyosema na usubiri muda uliotajwa, usiwe na haraka ya kuchota.

La mwisho ni dada wa kazi. Ukitoka Kimara saa kumi na moja alfajiri kuwahi mwendokasi, daktari wa mwanao mpaka saa moja jioni ni binti wa miaka kumi na tisa ambaye labda hajawahi kuambiwa lita ni nini. Mfundishe kwa mikono, siyo kwa kumtumia ile sauti. Mwachie pakiti mbili, jagi lenye alama, zinki, hela ya bajaji na ruhusa ya kuondoka na mtoto bila kukupigia simu kwanza. Ruhusa hiyo itamke kwa mdomo, maana bila hiyo atakusubiri.

Na nyie viongozi wa akina mama kwenye jumuiya, tangazo la sare limechukua nusu saa Jumapili iliyopita. Jumamosi hii leteni jagi, pakiti na chupa mbili tupu. Kila mama achanganye mwenyewe na aonje. Yule wa sauti aje pia. Asisahau chupa zake za soda, tukazioshe tuone zinaingia ngapi kwenye lita.