Zege lilionewa Genoa? Daraja la Morandi na chuma kisichoonekana

Agosti 14, 2018, mvua kubwa ikinyesha, sehemu ya daraja la Morandi mjini Genoa, Italia, iliporomoka na kuua watu 43. Tangu siku hiyo wapo wanaolilaumu zege. Naona hukumu hiyo imetolewa kwa haraka mno.

Mbunifu wake, Riccardo Morandi, alikuwa na hoja nzito. Zege huhimili sana kukandamizwa, ila likivutwa hupasuka. Kazi ya kuvutwa ni ya chuma. Chuma nacho huliwa na kutu, na Genoa ni mji wa bandari, hewa yake ina chumvi. Kwa hiyo katika daraja hilo lililofunguliwa mwaka 1967, nyaya za chuma zilizoshika sakafu ya barabara zilifunikwa kwa zege ili zisishike kutu. Nondo za nyumba zetu hulindwa kwa njia hiyohiyo.

Ubaya wake ni kwamba zege likishapata nyufa, unyevu na chumvi hupenya, na mkaguzi hawezi kuuona waya unavyoliwa ndani. Morandi mwenyewe alionya mwaka 1979 kwamba hewa ya bahari ilikuwa inaliharibu daraja. Miaka ya 1990 mnara mmoja uliongezewa nyaya za nje. Ulioanguka ni mwingine, ambao haukuongezewa.

Basi chuma kiachwe wazi? Silver Bridge, juu ya mto Ohio nchini Marekani, chuma chake kilikuwa wazi. Lilianguka Desemba 15, 1967, wakafa watu 46. Lilining'inizwa kwa minyororo ya vyuma bapa, viwili tu kwa kila pingili. Ufa wa milimita chache kwenye tundu la chuma kimoja, mahali pasipoonekana bila kufungua kiungo, ukaliangusha lote.

Kwangu mimi, kosa la pamoja ni uchache wa vishikizo. Kila mnara wa Genoa ulitegemea nyaya nne nene. Waya mmoja ukikatika, hakuna wa kupokea mzigo. Madaraja ya nyaya ya siku hizi, likiwemo la Nyerere pale Kigamboni lililofunguliwa mwaka 2016, hugawa mzigo kwa nyaya nyingi. Minara na nguzo zibaki za zege, sina ubishi. Ila nyaya za daraja la pwani ziwe nyingi, zikaguliwe kwa karibu, na kila mmoja uweze kubadilishwa bila kuliangusha daraja.