Kuvizia Watu si Kupiga Picha za Asili

Nimeudhika. Juzi jioni, Mji wa Kale, kijana alisimama ng'ambo ya barabara na lenzi ya milimita 200, ile ya kuvuta vya mbali, akimlenga mama anayekaanga viazi karai. Mama akajifunika uso kwa ncha ya mtandio. Kijana akaendelea kubonyeza. Nilipomuuliza, akasema ukiomba ruhusa watu hujikausha, picha ikapoteza uasilia.

Hilo la kujikausha ni kweli, sibishi. Lakini dawa yake ni muda. Nenda kwa muuza kahawa baada ya alasiri, toa salamu, kaa barazani, agiza kahawa chungu na kashata. Kamera iweke pajani, kila mtu aione. Sema unataka kupiga picha, anayekataa, mwache. Tumia lenzi ya milimita 35, itakulazimu usogee karibu. Piga chache za mwanzo, hata zikiwa mbovu, watu wauzoee mlio. Kisha subiri. Ubishi wa mpira ukishapamba moto, hakuna anayekukumbuka tena. Mzee atainua kidole kumkatiza mwenzake, kikombe kimekwama njiani kuelekea mdomoni, na muuzaji, dele mkononi, amesahau kumimina kwa kucheka. Kasi ya shata ya sekunde 1/250 itaunasa mkono ule bila ukungu. Picha ya namna hiyo huipati ukiwa umejificha nyuma ya tuktuk. Kule utapata mgongo, au jicho la mtu aliyeshtuka, na woga huo umemtia wewe mwenyewe.

Najua nitatajiwa Henri Cartier-Bresson, mpiga picha maarufu Mfaransa, aliyefunika kamera yake ya Leica kwa utepe mweusi isionekane. Sawa, alijificha kiasi. Lakini lenzi aliyoitegemea zaidi ilikuwa ya milimita 50, kwa hiyo alikuwa hatua chache tu kutoka kwa watu wake.

Sheria nayo, ile ya Kenya ya Ulinzi wa Data, ipo tangu 2019. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Na mtoto, muulize mzazi kwanza.

Harusini ndiko kunakoniuma zaidi. Ukumbi wa wanawake, mabuibui yamevuliwa, nywele wazi, watu wanacheza kwa raha zao, halafu mtu anainua simu. Picha ya hapo, hata iwe nzuri vipi, mimi sitaki kuiona.