Adapta na muziki wa mtandaoni: wanaocheka hawajaishi na stima ya Lamu

Wapenzi wa muziki wa mtandaoni wana ubishi wao usiokwisha. Upande mmoja unashikilia kwamba kifaa kinachovuta wimbo kutoka intaneti, pamoja na adapta inayokilisha umeme, hubadilisha sauti inayotoka kwenye spika. Upande wa pili hucheka: wimbo ni namba, namba haishiki uchafu, na anayesikia tofauti anasikia pesa alizotoa. Wanaocheka ndio wengi, na kwa sehemu kubwa wanajua wanachosema. Ila hoja yao inachukulia kwamba stima ya ukutani imetulia na ethi, yaani waya wa usalama, imefika ardhini. Ukiileta kwenye nyumba nyingi za Lamu, inaanza kuvuja.

Tuwape haki yao kwanza. Wimbo wa ubora wa CD ni sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde kwa kila chaneli, kila sampuli biti 16, jumla kilobiti 1,411 kwa sekunde. Namba hizo husafiri kwa vipande, na kila kipande hukaguliwa kinapofika. Kilichoharibika huitishwa upya. Kisha hukusanywa kwenye kumbukumbu ya kifaa kabla ya kupigwa. Ndiyo sababu mtandao ukiwa mbovu wimbo hukatika, lakini udi haugeuki mwembamba wala besi haipungui. Anayekuuzia waya wa intaneti wa bei ghali kwa ahadi kwamba mwimbaji ataimba vizuri zaidi, muage kwa adabu uende zako.

Wana na majaribio ya kuonyesha. Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran walichapisha matokeo yao katika jarida la Audio Engineering Society: wasikilizaji walipigiwa rekodi za ubora wa juu kuliko CD, kisha zile zile zikiwa zimepitishwa kwenye kiwango cha CD, bila kuambiwa ni ipi. Katika majaribio 554 walipatia 276, yaani asilimia 49.8, sawa na kurusha sarafu. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa chuo kikuu cha Queen Mary, London, alijumlisha tafiti 18 zenye majaribio zaidi ya 12,500 akapata asilimia 52.3. Hiyo inazidi bahati, lakini kwa unyoya. Tatizo ni kwamba tafiti hizo zilipima ubora wa faili. Hakuna aliyekuwa akipima adapta, wala ethi, wala inveta ya sola, ile inayogeuza umeme wa betri kuwa wa ukutani. Anayezitumia kufunga mjadala wa umeme anajibu swali ambalo halikuulizwa.

Barua iliyoletwa na jahazi lililopigwa na mawimbi haibadiliki maneno, hilo ni kweli. Lakini kigeuzi, yaani chombo kinachogeuza namba kuwa umeme wa sauti, huisoma barua hiyo kikiwa bado ndani ya jahazi. Kinakula umeme ule ule unaokula kifaa cha mtandao, na mara nyingi vimeunganishwa kwa waya wa USB unaobeba data na volti 5 pamoja. Namba zikishapita hapo hazipo tena. Kilichobaki ni volti zinazopanda na kushuka, na volti huchafuka.

Huchafuka kwa kiasi gani? Nimekaa na hesabu hii zaidi ya nilivyopaswa, kwa sababu pande zote mbili huikwepa. Kigeuzi cha kawaida hutoa volti 2 sauti inapofika kilele chake, kwa kipimo cha RMS, ambacho ni wastani wa nguvu ya wimbi na si ncha yake. Ukipima kutoka ncha ya chini hadi ncha ya juu, hiyo ni takriban volti 5.66. Biti 16 zinaugawa mwendo huo kwa hatua 65,536, kwa hiyo hatua moja, ile ndogo kabisa, ni kama sehemu 86 kwa milioni za volti. Sasa chukua chaja nafuu ya simu. Mtikisiko wa milivolti 50 kwenye zile volti zake 5 si jambo la ajabu, na huo ni karibu mara 580 ya hatua moja ya muziki. Ukiishia hapo utakimbilia dukani, na wauzaji wengi wanapenda uishie hapo.

Usiishie hapo. Ndani ya kigeuzi kuna vidhibiti vya volti vinavyopunguza mtikisiko huo, na kizuri kinaweza kuupunguza mara 1,000. Milivolti 50 zinabaki sehemu 50 kwa milioni, chini ya hatua moja. Kweli, vidhibiti hufanya kazi vizuri kwenye mitikisiko ya polepole na hulegea kwenye ile ya kasi, na adapta nyepesi za kisasa hukata na kuunganisha umeme maelfu kwa maelfu ya mara kila sekunde. Lakini sikio la binadamu linaishia hezi 20,000, yaani mitikisiko 20,000 kwa sekunde, na la mtu mzima huishia chini zaidi. Kwa njia hii ya mbele, basi, wanaocheka wanakaribia kushinda.

Uchafu wenyewe hupita mlango wa nyuma. Umewahi kugusa laptopu ya bodi ya chuma ikiwa kwenye chaji ukahisi inakutekenya vidole? Ndani ya adapta nyingi zisizo na ethi kuna kapasita ndogo, kipande kinachohifadhi chaji, inayounganisha upande wa stima ya volti 240 na upande wa volti ndogo. Imewekwa kwa makusudi, kuzuia kelele za redio, na umeme unaopita ni kidogo, kwa kawaida chini ya robo ya miliampea. Haudhuru mtu. Ila unatafuta njia ya kwenda ardhini, na ukiunganisha kifaa hicho na amplifaya, njia iliyo karibu ni ganda la waya wa sauti. Amplifaya haiwezi kutofautisha umeme huo na muziki, ikavikuza vyote. Huo ndio mvumo wa hezi 50 na mlio wa nyuki unaokaa chini ya wimbo, na hauhitaji sikio la dhahabu kuusikia.

Hapo ndipo Lamu inapoingia. Kabla mji haujaunganishwa na gridi ya taifa uliishi kwa jenereta za dizeli, na nyumba nyingi za mawe zilitiwa waya vipande vipande, chumba hiki mwaka huu na kile mwaka mwingine. Ethi, ikiwa ipo, imechimbiwa kwenye mchanga, na mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri. Ongeza inveta za bei nafuu ambazo hazitoi wimbi laini bali ngazi za mraba. Wimbi la namna hiyo lina hezi 50 pamoja na 150, 250, 350 na kuendelea, na huongeza mvumo wa transfoma ya amplifaya. Halafu kuta ni nene, vichochoro vyembamba, magari ni ya kuhesabu. Usiku wa manane, punda wakinyamaza, mvumo ambao Nairobi ungemezwa na matatu hapa unausikia kutoka chumba cha pili. Kumwambia mtu huyu kwamba umeme hauna la kufanya na sauti ni kumwambia asiamini masikio yake yaliyo sawa kabisa.

Walioniudhi zaidi katika ubishi huu, hata hivyo, ni walio upande ninaoutetea. Wamepata ugonjwa sahihi na kuuza dawa ya kigeni. Adapta nzito za transfoma zinazotangazwa kwa vifaa vya muziki huuzwa dola mia kadhaa hadi elfu kadhaa, kumlisha pengine Raspberry Pi, kompyuta ndogo ambayo ilipotoka mwaka 2012 iliuzwa dola 35. Waya wa mwanga kati ya kifaa na kigeuzi unakata kabisa njia ya mlango wa nyuma kwa bei ya vikombe vichache vya kahawa ya mji wa watalii, kwani kioo na plastiki havipitishi stima. Pawabanki inafanya kazi inayokaribiana. Ndani yake kuna saketi yake ya kukata na kuunganisha, si safi kama inavyodhaniwa, lakini haijafungwa na ukuta. Mwenye sola ana betri ya volti 12, na amplifaya ya gari hula volti 12 moja kwa moja, bila inveta katikati. Fundi wa stima atakayepima ethi na kuirekebisha atasaidia friji na pampu ya maji pia.

Tena kuna muziki wenyewe. Taarabu nyingi ya zamani ya pwani, zikiwemo nyimbo za marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, ilitufikia kwa kaseti. Kaseti ya kawaida hufika desibeli 50 au 60 kati ya kelele yake na kilele chake, wakati biti 16 zina desibeli 96. Mvumo wa ethi utausikia juu ya mkwaruzo wa kaseti, kwa hiyo kuuondoa kuna maana. Lakini ile tofauti nyembamba kati ya adapta nzuri na adapta ya maelfu ya dola imezama chini ya mkwaruzo huo, na haitaibuka.

Anayesikiliza kwa spika ya blutuuthi yenye betri yake, ubishi huu wote haumhusu, maana hakuna waya unaomfunga na ukuta. Isipokuwa akiichomeka chaji huku inapiga na kuiunganisha na amplifaya.